Kutoka Beni hadi Kirumba, Mama Akiwa Hai

Tarehe sita mwezi wa kumi, Butembo. Mvua ilianza kabla ya misa ya asubuhi. Haikuwa ya nguvu, ilikuwa ile ya kunyunyiza inayogeuza barabara ya mtaa wetu kuwa sabuni. Naanza hapa kwa sababu ndiyo siku Kambale, mume wangu, alipong'oa viti vya kibasi chake. Mimi si mtu wa kuandika. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, na pengine nitaweka mbele jambo la nyuma. Lakini watu wengi wanasimulia safari ile kila mmoja kwa namna yake, wengine wakicheka, na wengi wao hawakuwemo garini. Basi niseme nilivyoiona.

Sababu ya kuondoka ni hii. Mama yake Kambale, mama mukwe wangu, kwake ni Kirumba, lakini tangu mwaka uliopita alikuwa anakaa Beni. Alienda huko kwa ajili ya Masika, binti yake wa kwanza. Masika alikuwa mjane, alikuwa na shamba la kakao upande wa Mbau. Siku moja alienda kuvuna pamoja na wenzake, adui, wale waasi wa porini, wakawaingilia. Wenzake waliokotwa, wakazikwa. Masika hakuonekana, si hai si maiti. Mama alipanda gari kwenda kumngoja, akaketi katika chumba ambacho Masika alikuwa amepanga, akaendelea kungoja.

Mwenye nyumba ni Baba Swalehe, msafirishaji wa Beni, mtu wa dini ya Kiislamu. Ndiye aliyepiga simu. Alisema: "Kambale, mama yako anakula kama ndege. Kifua inamubana. Kama munataka afike kwenu akiwa hai, mukuje sasa."

Mama hakuweza tena kuketi muda mrefu, na hakuna gari la abiria linalomlaza mgonjwa. Ndiyo maana Kambale alitoa viti. Tukaweka godoro letu la kitandani, mbabula ya makaa, sufuria mbili, bidoni ya maji, na nikashona pazia kwa kikwembe, kitenge changu cha zamani, kwa maana hatukujua tutalala njiani mara ngapi. Wakati wa kung'oa kiti cha mbele ya mlango, Kambale alikata waya ambao tulikuwa tunachajia simu. Alisema si kitu. Mimi pia niliona si kitu, nisimwonee.

Jirani yetu Mama Furaha alikuja kuchungulia. "Ee, Mama Neema, munaenda kutembea kama bazungu? Nyumba kwa mugongo?"

"Kama konokono," Kambale akamjibu kutoka chini ya gari.

"Konokono anaendaka pole pole, lakini hakuna mutu anamukimbiza," Mama Furaha akasema. Kisha akaona haya kwa hayo maneno, akaenda, akarudi na maparachichi.

Simu yangu nilimwachia Neema, mtoto wetu mkubwa, ili aangalie wadogo zake. Tuliondoka mvua ikiwa imepumzika.

Njia ya Beni si ndefu, ila mtu haipiti, anaivumilia. Kuna mahali pameota majani juu ya magari yaliyochomwa, na watu wamezoea hata wanaanika mihogo karibu nayo. Kambale alikuwa anakwepa mashimo. Mimi nilikuwa nasali rozari na kukosea hesabu.

Kwenye bariere ya kwanza, yaani kizuizi cha barabarani, askari alifungua mlango wa nyuma akaona godoro, mto na pazia. Akacheka. "Vieux, mzee, hii ni chumba ya nani?"

"Ya mama yangu," Kambale akasema. "Niko naenda kumutoa Beni. Anagonjwa."

Yule askari akaacha kucheka. Aligusa mto kwa kidole. "Mimi mama yangu sijamuona tangu nivae hii nguo," alisema, kisha akawageukia wenzake kwa Kilingala: "Tika bakende," yaani waacheni waende. Kamba ikateremshwa.

Bariere iliyofuata ilikuwa na mwingine. Huyo alitushushisha kila kitu hadi makaa, na mvua ikawa imerudi, na godoro likalowa upande mmoja. Sijui kilichomkasirisha. Labda naye usiku wake ulikuwa mbaya. Naandika wote wawili, maana nikimwandika huyu peke yake nitakuwa nimesema uongo.

Beni tuliingia mchana. Kuna joto kuliko kwetu, na watu wanatembea kama watu wenye haraka ya kufunga milango. Uwanja wa Baba Swalehe ulikuwa na lori moja bovu na nyumba ya vyumba vinne. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya chumba cha Masika, mgongo ukutani. Nilimwacha mwanamke wa mabega mapana. Niliyemkuta ningeweza kumbeba kama mtoto.

"Wabukire, Mama," nikamsalimia kwa Kinande.

"Eee, mukamwana wangu. Munatoka kwenu na godoro? Beni hakuna godoro?"

"Ni ya kukulaza wewe, Mama," Kambale akasema. "Tunarudi Kirumba."

Mama akatikisa kichwa. "Siende."

Siku ile hakusema zaidi. Tulilala ndani ya kibasi pale uwanjani, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Mama Swalehe, mke wa mwenye nyumba, alituletea wali asubuhi akakuta nimekwisha washa mbabula. Akanikemea: "Mugeni anapika kwa uwanja yangu? Unataka majirani banisemaje?" Nikazima.

Kesho yake yote ilikuwa ya kubembeleza. Kambale alikaa kwenye mkeka karibu ya mama yake. Mimi nilikuwa natengeneza uji ambao hakuunywa.

"Mama, kule Mbau hakuna mutu anaingia," Kambale alisema. "Hata baaskari banaogopa."

"Nilisikia. Sikukuambia uingie. Nilikuambia siende." Alikohoa hadi machozi yakatoka. "Baba yako analala pale Kirumba nyuma ya nyumba. Nikifika nitamuambia nini? Nimuambie binti yako nimemuacha pori kama kuni?"

Mama Swalehe alikuwa anachambua mchele hapo karibu. Alisema kwa upole: "Mama, kaka yangu naye alipotelea barabarani. Tulimusalia bila mwili. Mungu anajua pahali iko."

"Nyinyi munasalia, na ni vizuri," Mama akajibu. "Sisi pia tulimuombea misa. Mais, lakini kwetu mutu anaingia mu udongo ya kwao. Bila ile, kilio haiishake. Miye ninalala nayo, ninaamuka nayo."

Mama Swalehe aliweka ungo chini. Alimsogezea maji.

Jioni Kambale aliniita nyuma ya lori. Alitaka tumwambie Mama kwamba tunampeleka hospitali ya pale pale Beni, tumlaze garini, kisha tukate kona ya Butembo. Nilimwambia hapana. Lakini sijui kama nilikataa kwa sababu ya haki au kwa sababu niliogopa atakavyotuangalia akijua. Na Kambale hakuwa mbaya kwa kuwaza vile. Alikuwa anasikia kile kikohozi, kama mimi.

Asubuhi aliamua peke yake. Alipiga magoti mbele ya mkeka. "Mama, jana nilitaka kukudanganya. Leo nakuambia kweli. Nikikuacha hapa utakufa, na nitabeba maiti. Masika sina mwili yake, wewe nitakuwa nayo. Sina nguvu ya ile mambo mbili."

Mama aliangalia upande wa kibasi. Kuku walipita kati yetu. Halafu akauliza: "Ile godoro iliingia maji?"

"Kidogo, Mama."

"Bon, sawa. Muikaushe."

Hivyo ndivyo alivyokubali. Alichukua kitu kimoja tu chumbani, kikwembe cha Masika cha kijani chenye picha za majani, akakikunja chini ya kichwa. Hakuna aliyemuuliza. Baba Swalehe alitusindikiza na lori lake lingine, lile zima, hadi mwisho wa mji, yeye mbele, sisi nyuma, bila kuombwa. Alipogeuza alitoa mkono dirishani.

Butembo tulipita katikati ya pikipiki na mikokoteni, tukasimama nyumbani mpaka watoto wakamwona bibi yao kupitia dirisha. Neema alitaka kupanda. Mama alimwambia: "Hapana kulia. Utakuja wakati ya maharagi." Tulilala kwetu, na mapema tukashika njia ya kusini, Lubero, tukipanda. Nilikuwa nyuma naye, nimemshika kwenye kona ili asibiringike. Aliomba pazia lifunguliwe. Alitazama milima yote, mashamba ya viazi, moshi wa nyumba, na hakusema neno hata moja zuri juu yake. Alisema tu kwamba watu wa huku bado wanalima vibaya.

Alimbongo ndipo safari iliharibika, au ndipo ilipotengenezeka, mpaka leo sijaamua. Mvua ya huko ni baridi kama visu. Lori moja lilikuwa limezama katika tope likafunga njia, na nyuma yake malori na vibasi vimepangana hadi mwisho wake hauonekani. Vijana wa pale walikuwa wamechimba kijia pembeni kwa majembe, wameweka mti mbele yake. Kambale alienda kuwaomba. Nilisikia yote.

"Tunapisha maiti peke yake," kijana mmoja alisema. "Ile kijia ni ndogo. Tukipisha kila mutu itakufa nayo."

"Niko na mugonjwa."

"Papa, kila mutu hapa iko na mugonjwa. Muangalie ule wa tomati. Tomati zake ndiyo bagonjwa." Wenzake walicheka, hata mwenye tomati alicheka. Sikuwaona kuwa watu wabaya. Wangepisha kila gari, kesho asingepita mtu.

Kambale alirudi amelowa. Mama alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi yote tuliyokuwa nayo, na midomo imebadilika rangi. Makaa yalikuwa yameisha. Nilianza kuamini atafia pale katika foleni.

Akafungua macho. "Banapisha nani?"

"Maiti, Mama," nikasema.

"Donc, basi mufunge majani."

Kwetu gari lenye maiti linafungwa matawi mbele, na kila mtu akiyaona anasimama, anatoa njia. Kambale alisema haiwezekani, ni kujiitia kifo. "Kifo ni yangu, si yako," Mama akamwambia. "Nilichoka kungojea ya watu. Kata majani."

Kambale alikata matawi ya mikaratusi, akafunga kwenye taa na kwenye kioo. Mama alijilaza sawasawa, akajifunika uso kwa kile kikwembe cha kijani. Nikafunga pazia nusu. Tulipofika kwenye mti, vijana walidhani mgonjwa wetu amekata roho katika foleni, wakavua kofia. Yule mwenye mzaha wa tomati alifanya ishara ya msalaba, akatuongoza kwa mkono, "Pole, papa, pole, shoto kidogo." Hapo kikohozi kikamjia Mama. Niliona kifua kinaruka chini ya kitambaa. Sikuwa na la kufanya, nikapiga kelele ya kilio ili kukifunika. Nilianza kwa uongo. Katikati nilikuta nalia kweli, namlilia Masika, ambaye nilikuwa sijamlilia vizuri hata siku moja kwa sababu kila mtu alisema tungoje.

Ng'ambo ya tope alisimama mwendesha pikipiki mmoja, Katembo, mtoto wa jirani zetu wa Kirumba. Aliona gari, aliona majani, akaniona mimi dirishani. Aliweka mkono kifuani. Niliinamisha kichwa, maana nilikuwa bado nalia na siwezi kusema. Naye, kwa heshima, hakutusumbua. Akaondoka na abiria wake kuelekea Kirumba.

Padri nilimuuliza baadaye kama ile ilikuwa dhambi. Alicheka kwanza, kisha akaniuliza Mama anaendeleaje.

Kwa sababu giza lilikuwa linakuja, na njia ile haiendeshwi usiku, tulisimama kwa katekista mmoja pale Alimbongo, ndani ya uwanja wake. Mke wake alitupa makaa na viazi. Tukafungua majani, tukayatupa nyuma ya choo, ili tusiwashtue watu wa nyumbani. Tuliona tumemaliza mambo kwa akili. Simu ya Kambale ilikuwa imezimika tangu Lubero, kwa ajili ya ule waya uliokatwa.

"Nilikufa vizuri?" Mama akauliza alipokuwa amepata moto.

"Vizuri sana, Mama," Kambale akasema.

"Wewe mukamwana ulilia kupita kipimo. Watu batasema nilikuwa nakupenda."

Ndiyo mara ya kwanza tulicheka tangu Butembo. Tulilala watatu kwenye godoro moja, Mama katikati, na mvua juu ya bati la gari.

Kirumba tulifika siku iliyofuata, jua likiwa limesimama. Tulipoanza kupanda kilima cha nyumbani tulisikia vilio. Kambale alipunguza mwendo. Alidhani baba yake mdogo, Muhindo, anayekaa pale, amefariki. Uwanja ulijaa watu, mabenchi ya parokia, wanawake chini na vitambaa kichwani. Wakaona kibasi, vilio vikapanda.

Mama akaomba nimwinue. Akasogeza pazia, akatoa kichwa.

"Nani amekufa?" akauliza.

Vilio vilikatika. Mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba maji aliyamwaga, akakaa chini ndani yake. Katembo alikuwa pale, amesimama na shoka la kupasulia kuni, akanitazama mimi. Halafu baba mdogo Muhindo, ambaye hakuwa amekufa hata kidogo, akatoka nyuma ya nyumba, matope hadi magotini, na jembe mkononi.

"Wewe," akamwambia Mama. "Unafanya nini pale?"

"Ninarudi kwangu. Na wewe unachimba nini kwangu?"

Alikuwa amemchimbia kaburi, kando ya mumewe. Alikuwa amechimba na vijana tangu alfajiri katika mvua, ameazima mabenchi, amepikisha. Alipoelewa alikasirika, na ninamwelewa. Alimwambia Kambale maneno makali mbele ya watu, kwamba kifo si pasi ya kupitia bariere. Kambale aliinama akayapokea yote. Katembo alitaka kusema ni kosa lake, nikamkataza. Aliona majani na mwanamke analia. Mimi ningekuwa yeye, ningesema nini?

Mama tulimweka kwenye kiti cha matanga, juani. Watu walikuja kumgusa mkono mmoja mmoja kama wanaonunua kitambaa.

Lakini kaburi lilikuwa wazi, na hilo halikuwa la kuchekea. Kwetu shimo la mtu likishachimbwa halifukiwi tupu, litaita mwingine wa nyumba ile. Kama mwili haupo, wanakata shina la mugomba, wanalizika badala yake. Muhindo alikuwa amekwisha tuma vijana shambani. Walirudi na shina refu, bado linatoa maji. Walitaka kuliweka haraka, bila maneno, watu waende.

"Mungojee," Mama akasema.

Alitoa kile kikwembe cha kijani chini ya blanketi. Mikono yake haikuweza kukikunjua vizuri, nikamsaidia. Watu wa Kirumba wengi walikijua, maana Masika alikuja nacho kwenye ndoa yetu.

"Hii haiko yangu," Mama akamwambia Muhindo, na alimaanisha kaburi. "Yangu mutachimba ingine, hamutachoka. Hii mulimuchimbia Masika, hamukujua tu. Mumuvalishe."

Muhindo alisimama, jembe likamning'inia. Hasira yote ilimtoka. Akasema chini chini: "Mama Masika, na kama atarudi?"

Mama alilaza mkono juu ya kikwembe.

"Akirudi atakuta tulikosea. Nitafurahi kukosea."

Tukalifunga shina kwa kikwembe, Kambale upande mmoja, mimi upande mwingine. Katekista wa pale alisoma sala ya maziko kwa jina la Masika. Kambale ndiye aliyetupa udongo wa kwanza, kama ndugu. Wale wanawake walioacha kulia kwa sababu Mama yu hai, wakaanza tena, na safari hii walijua wanamlilia nani. Mama hakulia. Alisikiliza hadi mwisho, kama mtu anayesikiliza mvua iko inapungua.

Watu wanapenda niseme nilijifunza nini. Nimefikiri, na sina hakika. Tulisema uongo njiani na ukatuletea kaburi. Bila ule uongo sijui kama Mama angetoka Alimbongo, na bila kaburi sijui kama angekubali kukaa Kirumba. Sitaki kumfundisha mtu afunge majani kwa mzima. Masika bado yuko kule Mbau, hilo shina halibadilishi. Ninalojua ni kwamba Mama alifika akiwa hai, na usiku ule hakuuliza njia ya Beni iko namna gani.

Jioni, watu walipopungua, tulikula bugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, na maharagi ya kilio kutoka kwenye sufuria kubwa ya parokia, yale yaliyopikwa kwa ajili ya kifo cha Mama. Nilitaka kumtengenezea uji, akaukataa. Alikula bugali kwa mkono wake mwenyewe, matonge mawili, akachovya, akasema maharagi yamekosa chumvi.